Sensa Haikuwa Mbovu

Nilimuuzia mzee mmoja, dereva wa teksi, sensa ya oksijeni asiyoihitaji. Nilipogundua hivyo nikanyamaza, na kunyamaza huko ndiko kunakoniuma zaidi.

Gari lake lilikuwa likitetemeka likiwa sailensa. Ukikanyaga mafuta linatulia, ukiachia linamisi tena, na bomba la moshi linanuka petroli mbichi. Mashine ya kupimia ilisema kinyume cha pua yangu: hewa nyingi, mafuta machache. Nikaiamini pua. Petroli inanuka hivi, mafuta yatakuwaje machache? Nikaamua kwamba sensa inadanganya.

Haikudanganya. Ili petroli iungue vizuri, inahitaji hewa yenye uzito mara 14.7 ya uzito wake. Hewa ikizidi sana, silinda hushindwa kuwaka kila zamu, na yale mafuta machache hutoka mabichi pamoja na oksijeni isiyotumika. Pua na mashine vyote vilisema kweli. Kipima moshi kingeonyesha haidrokaboni juu na kaboni monoksidi chini. Sikuwa nacho, lakini huo si udhuru, kwa kuwa jibu lilikuwa kwenye skrini niliyoishika. Sailensa, kompyuta ya gari ilikuwa ikiongeza mafuta kwa zaidi ya asilimia 20. Kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika nyongeza hiyo ilishuka karibu na sifuri. Hewa ilikuwa inaingia kwa njia ya panya. Injini ikiwa sailensa hunyonya hewa kidogo tu, hivyo ufa mdogo huivuruga. Ukikanyaga, ufa uleule haufui dafu. Haya nilifundishwa nikiwa mwanagenzi. Sikuzitazama zile namba hadi teksi iliporudi na taa ya injini ikiwaka tena.

Ufa nikaukuta kwenye mpira wa kupumulia injini, upande wa chini, karibu na manifodi. Nikaubadilisha.

"Kumbe vilikufa vyote viwili, fundi," mzee akasema.

"Ndiyo, mzee."

Akalipa tena, na akanishukuru. Sensa yake ya zamani niliipima baadaye: ilipanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9, nzima kabisa.

Wiki hii nimemweleza yote. Anataka pesa ya sensa, ya mpira amesema niliifanyia kazi. Na sensa yake ya zamani anaitaka pia.