Dhahabu ya Mchina

Msomaji, ukifika New Zealand, kusini kabisa karibu na Riverton, itembee njia ya Long Hilly. Siyo ya kukutoa roho. Ni mwendo mfupi tu wa msituni. Ila usikimbie. Mitaro ile iliyofunikwa na majani ilipitisha maji ya wachimbaji dhahabu wa karne ya 19. Wachina walikuwa na mji wao hapo Round Hill, ukiitwa Canton. Leo? Miti mitupu!

Kilichonikera ni kodi. Kuanzia 1881 Mchina aliyeingia nchini alitozwa pauni 10; mwaka 1896 zikawa 100. Mzungu je? Hata senti! Serikali iliomba radhi 2002.

Nikapiga hesabu palepale mtaroni: kwa bei ya wakati ule, pauni 100 ni kama robo tatu ya kilo ya dhahabu. Tena ya kuokota punje kwa punje, miguu ndani ya maji ya baridi. Jamani!