Uzamivu Baada ya Utumishi: Tawasifu ya Afisa wa Uvuvi wa Karungu

Shahada ya uzamivu, ambayo ndiyo ya juu kabisa katika chuo kikuu na hutunukiwa mtu aliyeandika tasnifu yenye maarifa mapya, huchukuliwa na wengi kuwa masomo ya kijana aliyemaliza uzamili hivi karibuni, ilhali nchini Kenya wako walimu, wauguzi na maafisa wa serikali wanaoiomba wakiwa na umri wa miaka arobaini au hamsini, wenye familia na majukumu ya ofisi. Tawasifu hii inaeleza maisha ya kazi ya mmoja wao, afisa wa uvuvi aliyetumikia ufuo wa Karungu na ambaye ndiye mwandishi wake, na inashikilia kwamba miaka ya utumishi ndiyo iliyompa swali la utafiti ambalo asingelipata darasani.

Karungu ni eneo la ghuba katika Ziwa Victoria, ndani ya Kaunti ya Migori na karibu na mpaka wake na Homa Bay, na ufuo wake unaojulikana zaidi ni Sori. Eneo hili limechunguzwa na wataalamu kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 1911 mwanajiolojia Felix Oswald alitumwa na Makumbusho ya Uingereza kuchimba visukuku vya wanyama wa enzi ya Miosini, yaani mabaki ya mamilioni ya miaka yaliyogeuka mawe, na mwaka 1927 na 1928 mtafiti Michael Graham alizunguka ziwa zima akifanya uchunguzi wa kwanza wa kisayansi wa uvuvi wake. Kazi hizo ni za thamani, lakini wote wawili walikuja, wakakusanya na kuondoka, nao wenyeji walibaki kuwa waongozaji, wapagazi na watoa habari. Mwandishi alikua akilijua hilo, na tangu ujana wake alitamani kwamba siku moja swali kuhusu Karungu liulizwe na mtu anayeishi Karungu.

Baada ya shahada ya kwanza ya uvuvi katika Chuo Kikuu cha Moi, kampasi ya Chepkoilel mjini Eldoret, mwandishi aliajiriwa katika Idara ya Uvuvi na kupangiwa ukaguzi wa ubora wa samaki. Huo ulikuwa wakati mgumu kwa ziwa, kwa kuwa kati ya mwaka 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia mara kadhaa uingizaji wa samaki kutoka Ziwa Victoria kwa sababu za usalama wa chakula. Zuio hilo liliilenga hasa biashara ya mbuta, samaki mkubwa aliyepandikizwa ziwani katikati ya karne iliyopita na ambaye minofu yake ndiyo iliyokuwa ikiuzwa nje. Serikali iliitikia kwa nguvu: mialo ilijengewa sakafu za saruji na maji safi, barafu ikasambazwa, maabara zikaidhinishwa, na maafisa kama mwandishi wakafundishwa kupima, kuandika na kutoa vyeti.

Katika ufuo huohuo, hatua chache kutoka banda la mbuta, wanawake waliendelea kuanika omena juu ya mchanga na juu ya nyavu kuukuu. Omena ni dagaa wa ziwani, wanaovuliwa usiku usio na mbalamwezi kwa mwanga wa karabai, na siku hizi kwa taa za sola, nao ndio kitoweo cha familia ambazo haziwezi kununua mbuta wala ngege (tilapia). Mvua za masika zikinyesha, omena hawakauki. Huoza, hutoa harufu na hatimaye huuzwa kwa bei ya chini kuwa chakula cha kuku na nguruwe. Mwandishi alilitazama jambo hili mwaka baada ya mwaka, akaona kwamba samaki wa mlaji wa ng'ambo alikuwa na mkaguzi, maabara na cheti, ilhali samaki wa mtoto wa Karungu hakuwa na chochote kati ya hivyo. Tofauti hiyo ndiyo iliyozaa swali la tasnifu yake: hasara ya omena wakati wa mvua hutokea katika hatua ipi, nani huibeba, na ni njia gani ya ukaushaji inayoweza kuipunguza kwa gharama ambayo mwanamke wa ufuoni anaimudu?

Shahada ya uzamili aliipata katika Chuo Kikuu cha Maseno akiwa kazini, kisha akarudi ufuoni kwa miaka mingi. Katika miaka hiyo usimamizi wa uvuvi ulibadilika: kanuni za mwaka 2007 zilivipa nguvu ya kisheria Vitengo vya Usimamizi wa Fuo, ambavyo wavuvi huviita BMU na ambavyo huwaunganisha wenye mitumbwi, wavuvi na wachuuzi, na kuanzia mwaka 2013, chini ya katiba ya 2010, huduma nyingi za uvuvi zilihamia serikali za kaunti. Alipoamua kuomba uzamivu alikuwa amekwisha kuwa msimamizi wa wengine, mwenye watoto wanaodaiwa karo, na baadhi ya wenzake walimshauri angoje kustaafu.

Ombi la uzamivu huhitaji hati za matokeo ya shahada zilizotangulia, barua za wadhamini wa kitaaluma na pendekezo la utafiti, yaani andiko linaloeleza tatizo, yale yaliyokwisha kuandikwa kulihusu, pengo lililobaki na mbinu zitakazotumika kuliziba. Kwa mtu wa makamo kila sharti lina uzito wake. Wahadhiri waliomfundisha mwandishi wengine walikuwa wamestaafu na wengine wamefariki, kwa hiyo ilimlazimu kujenga uhusiano mpya na watafiti wa vyuo kwa kuhudhuria semina zao na kuwapa takwimu za ufuoni walizozihitaji. Pendekezo nalo lilidai lugha tofauti na ile ya ofisi, kwa sababu ripoti ya serikali hueleza kilichofanyika na kupendekeza hatua, ilhali pendekezo la utafiti hueleza kisichojulikana na namna ya kukijua. Jioni zake zikawa za kusoma majarida na kujifunza upya uchambuzi wa takwimu, na madaftari yake ya zamani ya mizani na bei yakawa ushahidi wa mwanzo kwamba tatizo lipo.

Ugumu mkubwa zaidi ulikuwa ufadhili. Mpango wa CARTA, ulioanzishwa mwaka 2008 kuwafadhili watafiti wa Afrika katika afya ya jamii, umekuwa ukiweka kikomo cha umri kwa waombaji, na shirika la Ujerumani la DAAD kwa kawaida hutaka shahada ya mwisho isiwe imepita miaka sita. Masharti ya aina hii yana nia njema, kwa maana wafadhili hutarajia mhitimu atumikie muda mrefu, lakini humfungia mlango mtu ambaye tayari ametumikia. Mwandishi alikataliwa na mfuko mmoja kwa sababu ya umri peke yake, kabla pendekezo lake halijasomwa. Hatimaye alidahiliwa katika chuo kikuu cha umma, akajilipia sehemu kubwa ya ada kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo, na mwajiri akampa likizo ya masomo kwa sharti la kurudi kazini.

Baada ya kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, ambayo ni tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu inayoidhinisha utafiti nchini, kazi ya ufuoni ilikwenda kwa wepesi ambao mgeni asingeupata. Wanawake walimweleza hasara zao kwa uwazi kwa kuwa walimfahamu, na walikubali kujaribu chanja, yaani meza za wavu zilizoinuliwa juu ya mchanga, kwa kuwa ndio waliochagua kimo chake na mahali pa kuziweka. Omena wa chanja walikauka haraka zaidi na hawakuwa na mchanga, na matokeo hayo yakabeba makala alizochapisha katika majarida yaliyohakikiwa, jambo ambalo vyuo vya Kenya hulidai kabla ya mahafali.

Kutokana na safari hiyo, mwandishi anatoa rai kwa wafadhili na vyuo vikuu kwamba kikomo cha umri kiondolewe, na mahali pake muombaji apimwe kwa ubora wa swali lake na kwa ushahidi wa kazi aliyoifanya. Kwa mtumishi anayesita, aliyeko Karungu au katika fuo nyingine za ziwa kama Mbita na Muhuru, ushauri ni huu: tunza kumbukumbu za kazi yako tangu leo, andika kwa ukurasa mmoja tatizo unalolijua kuliko mtu yeyote, kisha umpelekee mhadhiri anayelishughulikia kabla hujajaza fomu yoyote.