Mbao Ngumu na Zana Njema: Kamukunji na Gikomba

Seremala atokaye shamba kwenda Nairobi kutafuta zana na mbao ngumu hana haja ya kuzunguka mji mzima. Akishuka katika kituo cha mabasi cha Machakos, mwendo mfupi wa miguu humfikisha Kamukunji, na kutoka hapo Gikomba si mbali. Katika masoko hayo mawili atapata karibu kila kitu atakacho. Lakini asipokuwa na jicho kali atarudi nyumbani na hasara.

Kamukunji husikika kabla ya kuonekana, kwa ajili ya kelele za nyundo. Hapo mafundi wa jua kali hugeuza vyuma chakavu kuwa masanduku, majiko, matoroli na zana za mkono. Patasi iliyofuliwa kwa springi ya gari yaweza kuwa njema sana, maana chuma chake ni kigumu na hushika makali. Iliyofuliwa kwa chuma laini hupinda katika ubao wa kwanza. Basi mnunuzi achukue tupa ndogo mfukoni. Tupa ikiteleza juu ya makali, chuma hicho ni kigumu. Ikikiuma kwa wepesi, airudishe patasi hiyo. Randa nayo iwekewe rula ya chuma chini ya tumbo lake: mwanga ukipenya katikati, haijanyooka.

Huko Gikomba, mbao zimesimamishwa bega kwa bega. Mvule na mkangazi nyingi hutoka Kongo, zikipitia Uganda. Mvule hustahimili mchwa, nao hufaa sana milango na madirisha. Mkangazi hupendeza katika meza na makabati. Lakini jina peke yake halitoshi, kwani ubao wowote mwekundu waweza kuitwa mahogani. Mnunuzi aombe ruhusa ya kupiga randa pembeni, apate kuona rangi na nyuzi za ndani.

Jambo lililo kubwa zaidi ni ukavu. Mlango wa mbao mbichi hupinda na kupasuka baada ya miezi michache. Mwenye nyumba hudai fedha zake, na jina la fundi huharibika kijijini kote. Njia rahisi ya kujua ni mizani. Pima kipande cha ubao, kiweke kivulini, kipime tena baada ya wiki mbili. Kikiendelea kupungua uzito, bado kina maji. Wahenga walisema, rahisi huvunja upishi.

Tena yafaa kuomba karatasi. Mwezi wa Novemba 2022, mkutano wa mataifa uliofanyika Panama uliitia mikangazi na mibambakofi ya Afrika katika orodha ya miti ambayo haiuzwi kutoka nchi moja hata nyingine bila ya hati. Muuzaji mwaminifu hataudhika akiulizwa habari za mbao zake.

Mwezi wa Februari 2018, Serikali ya Kenya ilizuia ukataji wa miti katika misitu ya umma kwa siku 90, kisha ikaongeza muda huo tena na tena. Ndipo mafundi wengi walipogeuza macho kuelekea mashamba ya watu. Huko uko mgrevilea, ambao Wakikuyu huuita mukima. Asili yake ni Australia, nao ulipandwa zamani kuwa kivuli cha kahawa na chai. Si mgumu kama mvule, lakini ubao wake una madoa mazuri, nao hufaa vitanda, viti na makabati. Upasuliwe, ncha zake zipakwe rangi ili zisipasuke, kisha upangwe kivulini, vijiti vikitenganisha ubao na ubao.

Kwa hiyo mkulima aliye na safu ya migrevilea mpakani asiikate yote kuwa kuni. Aitunze na kuipogoa ingali michanga, ili mbao zake zisiwe na vifundo. Akiivuna kwa zamu na kupanda mingine, seremala wa kijiji chake hatalazimika kwenda mbali kila mara kutafuta mbao, na fedha zitabaki nyumbani.