Mlinzi Chini ya Kamera

Jioni, mabasi ya kampuni yanaporejea Sanaiya, kama wafanyakazi wanavyoliita Eneo la Viwanda la Doha, mitaa yenye namba badala ya majina hujaa watu waliovaa sare. Miongoni mwao wamo walinzi kutoka Kenya na Uganda, ambao kazi yao ni kutazama.

Aprili 2022 shirika la Amnesty International lilitoa ripoti juu ya walinzi wa Qatar baada ya kuzungumza na 34 kati yao. Kichwa chake kilibeba malalamiko ya walinzi wenyewe: kwamba wanadhaniwa kuwa mashine. Zamu za saa 12, miezi bila siku ya mapumziko. Mwaka huohuo, wakati wa Kombe la Dunia, kituo kimoja cha Aspire kilisimamia kamera zipatazo 15,000 katika viwanja vinane, na akili bandia ikisaidia kubashiri msongamano wa watu kabla haujatokea.

Wengi huogopa kwamba kamera itamfukuza mlinzi. Hofu hiyo ina haki yake, lakini inasahau bei. Tangu Machi 2021 kima cha chini cha mshahara Qatar ni riyali 1,000 kwa mwezi, mbali na chakula na malazi. Mtu wa bei hiyo hana mwenye haraka ya kumwondoa. Huachwa palepale chini ya kamera, afanye isiyoyaweza: kufungua geti, kuomba radhi, kupigwa na jua la Julai, na kubeba lawama jambo likiharibika. Tena naye sasa anatazamwa.

Na ni nani anayeifundisha akili hii? Januari 2023 jarida la TIME lilieleza jinsi wafanyakazi wa kampuni ya Sama, Nairobi, walivyoisomea OpenAI maandishi ya ukatili na kuyapanga kwa aina, kwa ujira usiofika dola 2 kwa saa. Nyumba moja ya Kenya yaweza basi kumtoa kaka alindaye geti Doha na dada aifundishaye mashine kuutambua uovu, wote wawili wakilipwa kutazama wasichotaka kukitazama wengine.

Kuna faida pia, isibezwe. Mlinzi huielekeza simu yake kwenye karatasi ya Kiarabu, na maneno yakajitokeza kwa Kiswahili, mara nyingine kombokombo. Kifungu cha saa za ziada anakielewa. Wa kumdai ndiye asiyempata.