Nkambo na garimoshi

Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana mama hunipa simu nizungumze na nkambo aliye Kalemie. Ndiye aliyemzaa mama. Aliuza ndagala kavu miaka mingi, na kwa samaki hao wadogo akawasomesha watoto wake wote. Mimi sijamwona tangu nilipokuwa na miaka tisa. Basi mwezi wa tano nilimpa habari njema: "Nkambo, likizo hii nitasafiri kwa garimoshi nije kukutembelea."

Kimya. Halafu: "Moshi? Nyumba ya nani inaungua?"

Nilicheka, nikaanza kueleza kwamba garimoshi ni treni, na kwamba siku hizi halitoi moshi kama zamani. Nilieleza vizuri, kwa upatanisho wa ngeli usio na kosa. Nkambo akaitikia, "Ndiyo, bwana," akampa simu binti wa mjomba.

"Bwana" hiyo ilinikaa kooni. Mama, aliyekuwa akitwanga sombe, hakucheka hata kidogo. "Unasemaka naye sawa redio," akaniambia. "Nani anasemaka na redio?"

Mwaka wa kwanza hapa kitivoni nilisahihishwa sana, kama sisi sote tuliokulia Lubumbashi. Bukari ikawa ugali, kuya ikawa kuja, "iko" yetu inayofanya kazi zote ikavunjwa vipande vipande. Sijutii. Bila hayo nisingeweza kusoma riwaya za pwani wala kuandika ukurasa huu. Ila sikujua kwamba masahihisho yale nayabeba hadi nyumbani. Nilikuwa nikimsahihisha mdogo wangu tukiwa tunakula, mpaka siku moja baba akauliza kama ugali unashibisha kuliko bukari, ili naye aanze kununua huo.

Kilichonisaidia kilitoka darasani humu humu. Mhadhiri wetu alituletea nakala ya kijitabu kilichotungwa mwaka 1965 na André Yav kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu. Kinasimulia historia ya Elisabethville, ndiyo Lubumbashi yetu, na mwaka 1990 Johannes Fabian alikichapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Ukikisoma kwa macho tu unachoka upesi: maneno yameunganishwa au kukatwa popote, na hujui sentensi inaishia wapi. Mhadhiri alituambia tukisome kwa sauti. Jioni nikakisoma uani, na yale niliyodhani ni makosa yakawa watu wanaongea. Mama akapaza sauti kutoka jikoni: "Iyo barua ya nani?" Akaja, akaketi, akasikiliza mpaka giza likaingia. Mimi nilikuwa sijawahi kumsomea mama kitu chochote cha chuoni.

Jumapili iliyofuata nilipiga simu mwenyewe. "Nkambo, ni miye. Nitakuya na treni."

"Njo weye?" akasema. "Na ule bwana wa siku ile alienda wapi?"

Akaniuliza mwezi gani. Nikajibu, mwezi wa nane. "Hapana," akasema, "mwezi wa juu!" Nilichelewa kuelewa. Wavuvi wa Tanganyika huvua ndagala usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu samaki hawakusanyiki vizuri kwenye mwanga wa taa, na wavuvi wengi hupumzika. "Usikuye mwezi ukiwa mukubwa," akasema, "utakula sombe kila siku." Darasani samaki huyo ni dagaa, sokoni kwetu ni ndakala, kwake ni ndagala, na hakuna jina hata moja kati ya hayo lililokuwa limenifundisha kutazama juu kabla ya kupanga safari.

Nina pesa kidogo nilizoziweka kwa ajili ya kuchapisha kazi yangu ya mwisho. Zinatosha nauli ya kwenda, na mjomba ameahidi ya kurudi. Mhadhiri anayeniongoza nimemwomba muda mpaka mwezi wa kumi. Amekubali huku akikuna kichwa. Nkambo naye hasikii vizuri sikio la kushoto na haongezeki umri kwa kunisubiri mimi nipate shahada.

Shida iliyobaki ni treni. Ratiba yake huijui mpaka imeondoka, na kutoka hapa kupitia Kamina na Kabalo safari inaweza kula wiki nzima au zaidi. Nimehesabu nifike siku za giza. Ikichelewa siku kumi tu, nitamkuta ziwani mwezi wa kumi na nne.

Nimemweleza nkambo hivyo. Akafikiri kidogo. "Basi nitakuwekea ya kukauka," akasema. "Na weye uniletee unga ya muhindi. Ya huku iko bei."