Alama ya Mkato na Neno "Ambaye"

Kila lugha ina njia yake ya kumshika mtu mmoja katikati ya umati na kusema: ni huyu, si yule. Mwingereza akitaka kufanya hivyo hulitaja jina kwanza, kisha nyuma yake huweka sentensi ndogo yenye kulieleza. Husema "the man who came yesterday", nasi twasema mtu aliyekuja jana. Walimu wa lugha huziita sentensi hizo ndogo vishazi rejeshi. Si jambo la vitabu vikubwa. Limo katika barua za ofisini, katika habari za magazeti, hata katika karatasi iliyobandikwa kwenye chupa ya dawa. Sisi tuliokula mshahara wa Serikali kwa zaidi ya miaka 30 tukigeuza nyaraka za Kiingereza kuwa Kiswahili, twadiriki kusema kwamba hapana sehemu ya Kiingereza cha kila siku iliyotunyima usingizi kama hii.

Vifaa vyake ni vichache. "Who" ni la watu, "which" ni la vitu, na "that" hutumika kwa vyote. Hayakuwa hivyo tangu asili, kwani Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 hutumia "which" hata kwa watu, na hata kwa Mwenyezi Mungu. Tena Mwingereza ana ruhusa ya kulidondosha neno hilo kabisa, pale ambapo jina linaloelezwa ndilo lililotendwa. Huandika "the letter I wrote", akapita zake, na msomaji wake haoni pengo. Kwetu haiwezekani. Hatuna budi kusema barua niliyoiandika, na ile "yo" ndogo ndiyo kamba inayoifunga barua kwa mwandikaji wake. Vijana wengi wa sekondari hujikwaa hapa, wakitafuta katika sentensi ya Kiingereza neno ambalo halimo.

Lakini kiini cha jambo ni alama ya mkato. Tutazame sentensi mbili: "The clerks who have no houses will be given plots", na "The clerks, who have no houses, will be given plots". Maneno ni yale yale 10, wala hakuna lililohama mahali pake. Hata hivyo, kwa sentensi ya kwanza, karani mwenye nyumba hapati kiwanja. Kwa ya pili makarani wote wanapata, na tumeambiwa kwa njia ya pembeni kwamba hapana hata mmoja mwenye nyumba. Kishazi kisicho na mikato ni ungo: hupepeta majina, yakabaki yanayotakiwa. Kishazi kilichozungushiwa mikato ni nyongeza tu. Ukikiondoa, habari yabaki vile vile. Bwana H. W. Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza iliyotoka mwaka 1926, alipendekeza "that" liachiwe kazi ya kupepeta na "which" lipewe kazi ya kuongeza, huku akikiri mwenyewe kwamba waandishi wengi hawakuwa wakifanya hivyo. Wahariri wa Marekani wameushika ushauri huo kuliko Waingereza wenyewe. Kwa hiyo karani wa huku kwetu aletewapo waraka, hawezi kulitegemea neno peke yake. Lazima auangalie mkato, kitu kidogo kuliko punje ya mtama, ambacho mpiga chapa mwenye haraka aweza kukiweka au kukisahau.

Msomaji asidhani kwamba tunabishana juu ya punje. Katika wilaya moja tuliyoitumikia katika miaka ya 1990, ulifika waraka wa Kiingereza kuhusu kupanuliwa kwa barabara. Ulisema, bila mikato, kwamba nyumba za mtaa fulani zilizomo katika hifadhi ya barabara zitaondolewa. Ofisi iliyopewa kazi ya kuwatangazia wananchi ikaandika: "Nyumba za mtaa huo, ambazo zimo katika hifadhi ya barabara, zitaondolewa." Tangazo likabandikwa penye mti wa mkutano. Mtaa mzima ukapigwa na butwaa. Mama mmoja mjane, ambaye nyumba yake ilikuwa safu ya tatu kutoka barabarani, alianza kung'oa mabati ili ayauze kabla hayajaharibiwa. Mabati sita yalikuwa yamekwisha kwenda kwa bei ya kutupa, siku mzee mmoja alipokuja ofisini kwetu na tangazo mkononi na kuuliza, "Wanangu, hapa mmesema zilizomo, au mmesema zote?" Hatujapata kusikia swali la sarufi lililoulizwa kwa ufasaha kuliko hilo. Tangazo jipya lilichukua wiki mbili kutoka, na mabati hayakurudi.

Sasa tuseme juu ya hilo neno "ambazo" na ndugu zake. Wako wanaodai kuwa ni la kigeni. Hilo si kweli. Asili yake ni kitenzi kuamba, yaani kusema, nacho ni mali yetu. Kilicho kigeni ni wingi wake. Mwingereza ana neno linalosimama peke yake baada ya jina, na mfasiri naye akatafuta la kwake lenye kusimama peke yake. Kila penye "who" akaandika "ambaye", kila penye "which" akaandika "ambacho", na mwisho twasoma katika gazeti "mtu ambaye alikuja" kana kwamba lugha imesahau kusema aliyekuja. Wahenga hawakuisahau. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Hatukumbuki methali kongwe hata moja iliyofungua kinywa kwa "ambaye". Nasi tunaotunga mashairi twajua gharama yake: "aliyekuja" ni mizani 5, "ambaye alikuja" ni mizani 7, na katika kipande cha mizani 8 habari yenyewe haijaanza.

Haki itendeke kwa pande zote. "Amba-" yatufaa pale ambapo kitenzi hakikubali kubeba kirejeshi: ambaye hajafika, ambaye angefika, ambaye hufika kila Jumatatu. Na kirejeshi chetu nacho kina upofu wake. Tukiandika "mgambo aliyempiga mlevi", nani kapigwa? Kiswahili chakubali yote mawili, ilhali Kiingereza kwa mpango wake wa maneno hakiruhusu shaka. Lakini Mwingereza akiandika "the key of the cupboard which was lost", yeye ndiye anayebaki gizani, nasi twasema ufunguo wa kabati uliopotea, au ufunguo wa kabati lililopotea, na kila mtu ajua la kutafuta. Ngeli zetu, zinazowachosha sana wageni, hapa zinalipa deni lao.

Tangu mwaka 1967, Kiswahili kilipoagizwa kutumika katika shughuli za Serikali, kazi hii ilikuwa ya nyaraka na matangazo. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, na vishazi vilivyokuwa vikimtisha mjane vikapewa uwezo wa kumfunga mtu jela. Kwa maoni yetu, yafaa tugawe kazi. Kinachopepeta kiingie ndani ya kitenzi kila kinapokubalika: nyumba zilizomo, mtu atakayevunja, karani asiye na nyumba. "Amba-" yenye mikato miwili tuiachie nyongeza, kama tulivyosema juu ya yule mama. Hivyo Mwingereza akitofautisha kwa alama, sisi tutatofautisha kwa umbo la neno lenyewe, ambalo hata asiyejua kusoma atalisikia likisomwa mkutanoni.

Katika rasimu zinazopita mezani petu siku hizi, twaanza kwa kuitafuta mikato ya Kiingereza kwa kalamu nyekundu kabla ya kufasiri neno lolote. Na pale tunaposhuku kwamba mwandishi mwenyewe hakuuweka mkato mahali pake, jambo linalotokea mara nyingi, twampigia simu na kumwuliza lile swali la mzee: zilizomo, au zote?