Lango la Ini

Neno chungu likimfika Mswahili, husema limemkata maini. Shughuli ikimharibikia, husema imetumbukia nyongo. Watunzi wa mapenzi nao hulitaja ini sambamba na moyo, kana kwamba ni majirani wa baraza moja. Mwilini ujirani huo ni wa kweli. Baina ya mgongo wa ini na moyo upo ukuta mwembamba wa kiwambo tu, na damu itokayo inini huingia moyoni baada ya mwendo mfupi mno. Lakini wengi wanaolitaja ini katika tungo hawajapata kuuliza damu hiyo iliingiaje, na mwanafunzi wa ultrasaundi naye, siku za mwanzo, hulitazama kwenye kioo akaona wingu la kijivu tu.

Ini la mtu mzima lina uzito wa kiasi cha kilo moja na nusu, nalo hupokea takriban robo ya damu yote isukumwayo na moyo. Ajabu ni njia ya damu hiyo. Kiasi cha robo tatu yake haiji moja kwa moja kutoka moyoni: hupita kwanza utumboni, kwenye kongosho na bandamani, ikabeba kilicholiwa na kunywewa, ndipo ikaingia inini kwa mshipa mmoja mpana. Waarabu huuita al-warid al-babi, mshipa wa mlangoni, na jina lake la Kilatini lina maana iyo hiyo. Watu wa visiwani, wanaomjua mwenye nyumba kwa mlango wake, hawahitaji kuelezwa zaidi. Sehemu iliyobaki huletwa na ateri, ndogo kwa umbo lakini tajiri wa oksijeni. Galen, tabibu wa Kiyunani, aliamini kwamba chakula kilichopita lango hili ndicho kilichogeuzwa damu na ini. Fikra hiyo ilitawala karne nyingi, hata Mwingereza William Harvey alipochapisha kitabu chake mwaka 1628 na kuonyesha kwamba damu huzunguka.

Ndani ya lango mshipa hugawanyika kama barabara inayoingia mtaani. Mfaransa Claude Couinaud aliligawa ini, mwaka 1957, katika sehemu nane kwa kufuata matawi hayo: tawi la lango huingia katikati ya kila sehemu, ilhali mishipa mitatu mikubwa inayotoa damu kupeleka moyoni hupita mipakani. Kwa hiyo kumwandikia daktari wa upasuaji kwamba uvimbe uko upande wa kulia ni sawa na kumwelekeza mgeni kwamba nyumba iko Mji Mkongwe. Matawi ya lango hujitambulisha kwenye kioo kwa kuta zenye kung'aa, kwani yamevikwa ala ya nyuzinyuzi. Mishipa ya kutokea iko kama mifereji isiyojengewa kingo.

Ukiwashwa uwezo wa kupima mwendo wa damu, uliojengwa juu ya kanuni ya Christian Doppler ya mwaka 1842, yule aliyezaliwa pwani atajiona yuko nyumbani. Damu ya lango huenda polepole na kwa utulivu kuelekea inini, ikiinuka na kushuka kidogo kwa pumzi, kama maji ya ghubani siku isiyo na upepo. Ya mishipa ya kutokea hujaa na kupwa kwa kufuata moyo, mara ikirudi nyuma kidogo. Ya ateri hupiga kama kasia. Rangi nazo zina hila yake: nyekundu si ateri wala buluu si vena, bali moja huonyesha damu inayokijia kifaa na nyingine inayokikimbia. Damu ikipita mkingamo, kwa pembe karibu ya digrii 90, rangi hutoweka kabisa, na mwanafunzi mwenye haraka huandika kwamba mshipa umeziba ilhali unatiririka salama. Kosa hilo si dogo. Mgonjwa anaweza kutibiwa donge la damu lisilokuwapo.

Mgonjwa huambiwa aje bila kula kwa saa sita au zaidi, ili mfuko wa nyongo uwe umejaa na hewa ya tumboni ipungue. Mwezi wa Ramadhani, ndugu zetu waliofunga huja adhuhuri wakiwa tayari bila ya kuambiwa.

Pamoja na picha huja karatasi ya maabara, na jina lake, kipimo cha utendaji wa ini, limepotosha wengi. Vimeng'enya vya ALT na AST havipimi utendaji. Ni vitu vilivyovuja kutoka chembe zilizojeruhiwa. Ini lililokwisha kunyauka laweza kuvionyesha vya kawaida, maana limebakiwa na chembe chache za kuvuja. Kazi yenyewe yafaa itafutwe kwenye albumini na muda wa damu kuganda. Albumini hukaa mwilini wiki kadhaa, kwa hiyo hueleza habari za mwezi uliopita. Baadhi ya vigandisha damu hupungua kwa nusu katika saa chache, hivyo hueleza habari za leo. Bilirubini ikipanda, macho huwa manjano, na hapo hata jirani hujua.

Lakini upo ugonjwa ambao karatasi hiyo hausemi. Unguja na Pemba wanakijua kichocho cha kibofu, kile cha mkojo wa damu. Katika kisiwa kingine cha Tanzania, Ukerewe, ndani ya Ziwa Viktoria, kipo kichocho cha tumbo. Minyoo yake huishi katika mishipa ya utumbo, dume akimkumbatia jike ndani ya mfereji wa mwili wake kwa miaka. Hata mshairi asingethubutu kubuni mapenzi hayo. Mayai yao, yale yasiyotoka na choo, huchukuliwa na damu hadi inini, yakakwama kwenye matawi madogo ya lango, na mwili ukayazungushia makovu. Chembe za ini zenyewe husalimika, kwa kuwa ateri bado inazilisha. Hivyo ALT huwa ya kawaida, albumini ya kawaida, na mvuvi huambiwa ini lake zima. Kumbe damu iliyozuiliwa langoni inatafuta vichochoro: bandama huvimba, mishipa ya umio hututumka, na siku moja mtu hutapika damu. Dalili pekee katika karatasi yaweza kuwa kupungua kwa chembe sahani, zilizozuiliwa na bandama iliyovimba.

Makovu hayo yalielezwa na Symmers huko Misri mwaka 1904, akayafananisha na shina la kiko cha udongo. Wataalamu waliokutana Niamey mwaka 1996 chini ya Shirika la Afya Duniani waliyapangia picha za ultrasaundi, na majina waliyoyachagua yanastahili kusomwa na wapenzi wa mashairi: anga la nyota, pete, kucha za ndege. Mwanafunzi aliyezijua picha hizo haongozwi na karatasi pekee. Hutazama unene wa kuta za lango, huipima bandama, huangalia damu inaelekea wapi.

Dawa ya prazikuanteli huua minyoo, na makovu machanga huweza kupungua. Yaliyokomaa ni magumu kuondoka. Mishipa ya umio hufungwa kwa mpira, palipo na kifaa na mtu wa kukitumia. Mvuvi aliyegunduliwa mapema hupewa vidonge vyake akaondoka, na usiku usio na mbalamwezi huwasha taa yake akaenda kuvua dagaa, miguu yake ikiwa ndani ya maji yale yale.